Mwalimu wa shule na mpiga udi: nipunguze nini ili nipate wakati wa kutunga?

Mpiga Udi wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum, ndugu zangu wasanii wa pwani. Naomba ushauri wa watu wanaoishi kwa muziki, au wanaouchanganya na kazi nyingine kama ninavyofanya mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu. Jioni na usiku ni mpiga udi na mwimbaji katika kikundi cha tarabu ambacho riziki yake kubwa ni harusi za hapa mjini, za Shela na za visiwa vya jirani. Shuleni nimekabidhiwa pia kwaya na maigizo, na yeyote aliyewahi kuandaa watoto kwa mashindano anajua kwamba kazi hiyo haina muhula wa kupumzika: muhula wa kwanza ni maigizo, ambayo kilele chake cha kitaifa huwa Aprili, na muhula wa pili ni Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo hufikia kilele Agosti. Zaidi ya hayo huitwa kupanda jukwaani, mara kwa kuimba na mara kwa kuigiza, unapofika wakati wa tamasha la utamaduni, na mwezi wa Mfunguo Sita, mji unapojaa wageni wa Maulidi, huwa miongoni mwa wapiga matari.

Sasa imekuja kazi nyingine. Hoteli moja ya Shela inataka nipige udi pamoja na mpiga dumbaki mmoja kila Ijumaa na Jumamosi jioni, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi. Malipo yake ni mazuri kuliko ya harusi, na yana uhakika. Lakini usiku huohuo ndio wa harusi, na kurudi mjini maji yakiwa yamejaa si jambo la kutembea kwa miguu, kwa sababu njia ya pwani hufunikwa na bahari katika baadhi ya sehemu, kwa hiyo itanilazimu kupanda boti usiku, udi nimeukumbatia usipate maji ya chumvi.

Uchovu nauweza. Kinachoniumiza ni kwamba situngi tena. Nina daftari la mashairi yaliyotimia vina na mizani ambayo hayajapata sauti, na katika simu yangu mna vipande vya lahani, yaani sauti za nyimbo, nilivyovirekodi kwa mdomo nikiwa njiani, vingine vikiwa na mngurumo wa injini ya boti nyuma yake, ambavyo nikivisikiliza baada ya majuma kadhaa sikumbuki tena nilikusudia vielekee wapi. Kila ninapopata saa moja ya faragha, mkono unataka kupumzika na kichwa kinarudia nyimbo za harusi ya jana. Watu wananisifu kwamba nina shughuli nyingi, nami naona kwamba nyimbo ninazoziimba ni zilezile nilizoziimba kabla sijaoa.

Kwa hiyo nauliza: kati ya harusi, hoteli, maigizo ya shule na kwaya, nipunguze kipi? Na ninyi mnaoendelea kutunga huku mnaalikwa kila wiki, mnaulinda vipi wakati wa kutunga usiliwe na maonyesho?

Mzee wa Kinanda, Malindi

Wa aleikum salaam, mwanangu mwalimu. Nimepiga kinanda katika hoteli za Malindi na Watamu tangu ujana wangu, na nimekuwa katika bendi zilizodumu na zilizovunjika, basi uniwie radhi nikijibu kwa urefu, kwa maana swali lako limenigusa.

Naona unajaribu kuigawa siku, na siku ya mwalimu haigawanyiki zaidi ya hapo ilipofika. Ugawe mwaka. Kazi yetu ya pwani haijawahi kwenda kwa wiki. Inakwenda kwa pepo na kwa mwezi mwandamo. Kaskazi ikivuma, yaani Desemba hadi Machi, hoteli zinajaa na kila meneja anatafuta mpigaji. Kusi ikiingia na masika yakaanza, Aprili hadi Juni, hoteli kadhaa za huku kwetu hufunga milango ili zikarabatiwe, na zile zisizofunga hupunguza burudani kabla ya kupunguza kitu kingine chochote. Agosti wageni hurudi, kwa kuwa ndio mwezi wa likizo Ulaya, na hasa Italia, ambako ndiko wanakotoka wageni wengi wa Malindi. Wapigaji wengi huiogopa miezi ile ya masika kwa sababu mfuko unakauka. Mimi karibu kila wimbo wangu wenye thamani umezaliwa katika miezi hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimejiwekea akiba tangu Januari na sikuwa na wa kunipigia simu.

Kalenda ya pili ni ya mwezi mwandamo, na hii wewe wa Lamu huhitaji kufundishwa, lakini nakuomba uitazame pamoja na ile ya hoteli. Harusi hujaa Shaabani, kila mtu akiwahi kabla ya mfungo. Ramadhani ngoma hunyamaza. Mfunguo Mosi harusi hurudi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kizungu kwa takriban siku 11, kwa hiyo kila mwaka mambo haya yanasogea kuelekea Januari. Ramadhani ya mwaka 2026 mwanzo wake ni Februari, baada ya katikati ya mwezi. Ya mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena katika siku za mwisho za Desemba, ikitegemea kuandama kwa mwezi. Maana yake kwa mpiga udi ni kwamba Shaabani inaingia ndani ya Januari na Desemba, harusi na hoteli zitagombea usiku uleule, na mara baada ya hapo utafuata mwezi mzima ambao wewe hupigi kitu, katikati ya kipindi ambacho hoteli ndiyo inakuhitaji zaidi. Mkataba usipoitaja Ramadhani, hoteli itadhani kwamba utapiga. Yaandikwe kabla hujatia sahihi, pamoja na nani atalipa boti ya kurudi usiku, na chakula, na itakuwaje mvua ikinyesha na wageni wasitoke vyumbani.

Kalenda ya tatu ni ya shule yako. Likizo ya Aprili inaangukia palepale ambapo hoteli ni tupu, nayo ingekuwa zawadi kwako, ila umekwisha kuiuza kwa maigizo. Ndiyo maana nakwambia bila kusita kwamba cha kwanza kuachia ni maigizo ya shule. Zungumza na mwalimu mkuu mapema, mwishoni mwa mwaka, majukumu ya mwaka unaofuata yakiwa bado hayajagawanywa, na umtajie mwenzako anayeweza. Kwaya ibaki nawe, kwa sababu kwaya inakunoa sikio na inakupa sauti za kujaribia mambo yako.

Kuhusu hoteli, chukua usiku mmoja, usichukue miwili. Nitakueleza kwa nini siidharau kazi ya hoteli kama wanavyoidharau vijana wengi. Hotelini wageni hubadilika na nyimbo hubaki, kwa hiyo ukishatayarisha mafungu matatu ya nyimbo umemaliza mazoezi ya msimu mzima. Harusini ni kinyume chake: walioketi mbele yako ni walewale waliokuwa katika harusi ya juma lililopita, wanakujua, wanayajua mashairi kwa moyo, na wanatambua mara moja ukiwarudishia cha jana. Harusi inakula mazoezi, mikutano ya kikundi, safari na makesha. Ukihesabu saa zote, si zile za jukwaani peke yake, utakuta kwamba hoteli inakulipa mara nyingi zaidi kwa kila saa, na inakuacha ukiwa na akili yako.

Harusi nazo uzipunguze kwa arbuni. Tarehe isihesabiwe kuwa imeshikwa mpaka nusu ya malipo iwe mkononi mwa mweka hazina. Tulipoanza utaratibu huo, mialiko ya kubahatisha ilipungua bila ya sisi kumkatalia mtu, na wenye shughuli za kweli hawakulalamika.

Mwimbaji wa Mkomani, Lamu

Shikamoo mzee wangu wa Malindi, na wewe mwalimu nakusalimu. Nimesoma maneno ya mzee kwa heshima, na hesabu ile ya miezi nimeiandika ukutani. Hata hivyo naona ushauri wake unamfaa zaidi mtu ambaye muziki ndio kazi yake ya pekee. Mwalimu akingoja masika ili atunge, itakapofika Aprili atakuta mkono mzito na kichwa kitupu, na nusu ya likizo itakwisha akijikumbusha alikoachia.

Mimi naongoza kikundi cha wanawake. Tunaimba vugo, tunaimba lelemama, ngoma za wanawake za huku pwani, na tukiitwa tunaimba tarabu ya ukumbini. Nina nyumba, nina watoto, nina mama mzee. Wakati wangu wa kutunga ni baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na ni mfupi mno. Sijipi kazi ya kumaliza wimbo. Najipa kazi ya mstari mmoja, au kibwagizo peke yake, au kuamua tu sauti ianzie juu au chini, na nikishaamua naacha, hata kama moyo unataka kuendelea. Asubuhi inayofuata naanza mahali palipo wazi. Na vile vipande vya simu unavyovilalamikia, mwalimu, tatizo lake ni kwamba huvitajii shairi. Mimi kabla ya kuimba kipande nasema kwanza kwa kinywa changu: hii ni ya shairi la fulani, ubeti wa pili, na inarudi katika kibwagizo. Maneno hayo machache ndiyo yanayokirudisha kipande kwangu hata baada ya miezi.

Kwa upande wa mkono, wengi waliouchunguza mwili wa binadamu wanaona kwamba ujuzi wa vidole hukomaa wakati wa usingizi, na kwamba mazoezi mafupi yaliyotawanywa siku nyingi huzaa kuliko mazoezi marefu ya siku moja. Maana yake ni kwamba makesha yanakunyima mara mbili: yanakula saa za kufanya mazoezi, kisha yanakula usingizi ambao ungeyakomaza.

Sasa nizungumzie sauti, jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Wewe ni mwalimu. Sauti yako unaitumia kutwa darasani, halafu usiku unaipandisha jukwaani. Walimu wamo miongoni mwa watu wanaougua sauti zaidi kuliko wafanyakazi wengi wengine, na hao ni walimu wasioimba. Mwanamume akizungumza kawaida, mikunjo ya sauti kooni hugongana zaidi ya mara 100 kwa kila sekunde, na mwanamke karibu mara 200. Ukipandisha sauti ya kuimba idadi hiyo huongezeka maradufu na zaidi. Hakuna nyama ya mwili inayoweza kupigwa hivyo kutwa na kucha bila ya kuvimba. Kwa hiyo darasani usipaze sauti kuwanyamazisha watoto. Piga tari, piga makofi ya mdundo ambao wao wanaujibu, nao watanyamaza. Kunywa maji mchana kutwa, kwa sababu maji ya kunywa jukwaani hayawahi kufika kooni kwa wakati. Sauti ikikauka usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu kunaikaza koo vilevile, nyamaza kabisa. Na pilau ile ya harusi inayoletwa usiku wa manane, kula kidogo au uiachie asubuhi, kwa kuwa ukilala na tumbo limejaa, asidi hupanda na kuichoma mikunjo ileile unayoitegemea. Ramadhani uichukue kuwa mapumziko ya koo. Mimi mwezi huo siimbi kwa sauti hata jikoni, na nikirudi Mfunguo Mosi sauti yangu huwa safi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Masikio nayo yahesabu. Harusi zetu hufanyika katika nyua na vichochoro vya mawe, na spika zikifunguliwa hapo sauti haina pa kutokea. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda wa usalama hupungua kwa nusu, hata ikifika desibeli 100 ni robo saa tu. Mwambie fundi wa mitambo asikuelekezee spika usoni, na wewe ukae nyuma ya mstari wa spika.

Neno la mwisho, nalisema kama dada yako. Katika maelezo yako yote umewataja wenye harusi, hoteli, watoto wa shule na kikundi. Kuoa umekutaja, aliyeolewa hukumtaja. Kabla hujaamua juu ya hoteli, mketi pamoja mkahesabu ni usiku mingapi kwa mwezi utakuwa nyumbani, na ulisikilize jibu lake hadi mwisho.

Katibu wa Kikundi, Malindi

Nami nawasalimu wote. Nafanya kazi ya ukatibu wa kikundi cha muziki huku Malindi, mikataba na malipo yote hupita mikononi mwangu, na nataka kupinga jambo moja ambalo waliotangulia wamelichukua kana kwamba halina mjadala, kwamba mwalimu ni lazima ayatie sauti mashairi yake yote yeye mwenyewe.

Kutunga shairi na kulitia lahani ni kazi mbili, na huku kwetu zimekuwa zikifanywa na watu wawili tangu zamani. Marehemu Zein l'Abdin, aliyezaliwa huko huko Lamu mwaka 1939 na akawa mpiga udi ambaye kila mmoja wetu anamsikiliza hadi leo, aliimba mashairi ya washairi wengine, akiwamo Ahmed Sheikh Nabhany, na hakuna anayesema kwamba alipungukiwa na kitu kwa hilo. Mshairi alibeba lugha na mwanamuziki akabeba sauti, kila mmoja katika saa zake. Mwalimu, ikiwa una daftari lililojaa mashairi na huna saa za kuyatilia sauti, wape baadhi yake wapigaji wawili watatu unaowaamini. Na ikiwa una lahani nyingi katika simu na huna maneno, Lamu haijapungukiwa na malenga. Chagua katika daftari hilo machache ambayo hutaki yaguswe na mkono wa mwingine, hayo ndiyo uyawekee saa zako za alfajiri alizozisema Bi wa Mkomani.

Lakini kabla ya kumpa mtu, yaweke mambo yako sawa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo haulindwi kwa kuwa umeimbwa mbele ya watu. Unalindwa pale tu ulipoandikwa, au uliporekodiwa, au ulipohifadhiwa kwa namna nyingine inayoshikika. Lahani uliyoiimba harusini ikapendwa, na hukuiandika wala kuirekodi, mtu mwingine akiitoa kwa jina lake utapata taabu kuidai. Kumbe vile vipande vya simu unavyoviona kuwa takataka ndivyo ushahidi wako. Vihifadhi mahali pengine zaidi ya simu yenyewe, tarehe zikiwa zinaonekana. Kazi ikishatimia unaweza kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na cheti hicho kitakusaidia siku ya mzozo. Maneno yana haki yake, lahani ina haki yake, na sauti iliyorekodiwa studio ina haki ya tatu, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharimia na kuandaa urekodi. Haki ya mtunzi wa maneno au ya lahani hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo unapogawana wimbo na mwenzako mnawaandikia watoto na wajukuu zenu. Karatasi moja yenye majina mawili, mgao, tarehe na sahihi inatosha kwa kuanzia.

Nimeona zaidi ya mara moja wapigaji wa hapa wakirekodi kwa haraka kwa sababu ya kukosa muda, wakamwachia mwenye studio kila kitu, kisha wimbo ukavuma nao wakabaki wakiusikia redioni. Kwa hiyo nakuomba jambo hili ulifanye hata kabla ya kuamua juu ya hoteli.

Mwalimu wa Kwaya, Kilifi

Naafiki kuhusu maigizo. Nilikuwa na yote mawili, nikaiachia idara ya Kiswahili maigizo, na hakuna aliyenichukia. Ninachoongeza ni kwamba mwalimu mkuu mwambie kwa maandishi, na wimbo mmoja wa kwaya kila mwaka uwe wa kwako mwenyewe, kwa sababu muhula wa pili hapo unakuwa umetunga huku ukifanya kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Mpiga Udi wa Langoni, Lamu

Nawashukuru sana, mzee wangu, dada yangu, katibu na mwalimu mwenzangu. Nimeyasoma yote pamoja na mke wangu, naye amemwombea dua Bi wa Mkomani. Tumekubaliana kwamba nitachukua Jumamosi peke yake hotelini, na kwamba katika mkataba nitaomba nisipige mwezi wote wa Ramadhani na boti ya kurudi ilipwe na hoteli. Maigizo nitayaachia. Daftari nimeligawa: mashairi ya mapenzi nitampa mwenzangu mmoja wa Matondoni ambaye sauti zake nazipenda, na yale niliyoyatunga kwa ajili ya marehemu babangu yatabaki kwangu.

Limebaki moja. Kikundi changu kimezoea kwamba mimi ndiye mpiga udi na mwimbaji wa mbele, na harusi za Jumamosi haziwezi kwenda bila udi. Nikiwaambia kwamba kuanzia Desemba Jumamosi sipo, wataona kwamba nimewakimbia kwa sababu ya fedha za wageni, na baadhi yao ni watu walionishika mkono nilipokuwa sijui hata kukaza nyuzi. Nitawaambiaje bila ya kuvunja udugu? Na je, ni haki mimi kumtafuta mpigaji wa badala, au niwaachie wao?

Mzee wa Kinanda, Malindi

Mwanangu, waambie sasa hivi, miezi kabla ya Desemba, na uwaambie wote wakiwa wamekaa pamoja. Usianze na mmoja mmoja, kwa kuwa atakayesikia wa pili atajiona kuwa wa pili. Wala usiwapelekee ujumbe wa simu. Wataje kwa majina wale waliokufundisha, mbele ya wenzao, kisha sema jambo lako kwa sentensi moja bila ya kulizungusha. Wakikasirika siku hiyo, waache wakasirike, usijitetee.

Mpigaji wa badala umtafute wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeijua kazi ya udi katika nyimbo zenu, na umlete mapema awe anakaa kando yako katika mazoezi na katika harusi za Alhamisi na Ijumaa, ashike udi nyimbo mbili tatu wewe ukiwa bado upo. Huenda ni kijana. Hilo ni jema, maana wapiga udi Lamu si wengi, na hakuna anayejifunza kupiga harusi kwa kukaa nyumbani. Mpe orodha ya nyimbo, na makamu, yaani ngazi za sauti, za kila wimbo, na mahali ambapo mwimbaji hupenda kupumzika. Uongozi wa sauti uwaachie wao waamue wenyewe, hapo usiingize mkono.

Na kuhusu fedha, msemezane kabla ya harusi ya kwanza. Malipo ya kijana yatoke katika fungu lako la Jumamosi, yasitoke katika fungu la kikundi, hata kama kwa miezi hiyo wewe hutapata shilingi kutoka Jumamosi zao. Arbuni ikilipwa, sehemu yake naye aione siku hiyohiyo, kama wanavyoiona wengine.